Kutuma vitabu vya katuni vya thamani nje ya nchi: je, niandike kuwa ni zawadi?

Swali: "Nimekusanya vitabu vya katuni tangu ujana wangu, na mwaka huu nimeanza kuuza baadhi yake kupitia intaneti. Mnunuzi aliye nchi ya mbali amelipia matoleo matatu ya miaka ya 1960 na 1970 kwa jumla ya dola 900 za Marekani. Toleo moja limefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki baada ya kupimwa daraja la ubora wake, na mawili yamo kwenye mifuko ya kawaida. Sasa ananiomba niandike kwenye fomu ya forodha kwamba ni zawadi ya dola 20, akisema kila muuzaji hufanya hivyo. Nina hofu pia kwa sababu kifurushi changu cha kwanza kilifika kikiwa na vitabu vilivyokunjika pembe, ingawa nilikijaza nailoni ya viputo, na fidia niliyolipwa haikufika hata sehemu ya kumi ya bei. Je, nimkubalie? Nitume kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji wa haraka? Na bima ina faida gani ikiwa fidia yenyewe ndiyo hiyo?"

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Unakabidhi karatasi zenye umri wa nusu karne au zaidi kwa watu usiowaona, na hujui nani atabeba hasara zikiharibika. Nitaanza na ombi la mnunuzi, kwa kuwa jibu lake linagusa pia suala la bima: usimkubalie. Ni kosa la kisheria, na hilo peke yake lingetosha; lakini nataka uone pia kwamba ukiandika anavyotaka, faida yote itakwenda kwake na hatari yote itabaki kwako.

Zawadi ni kitu kinachotolewa bila malipo. Kitu kilicholipiwa ni bidhaa, hata kama muuzaji na mnunuzi ni marafiki. Kuhusu thamani, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zinafuata makubaliano yanayosema kwamba msingi wa kwanza wa thamani ya forodha ni bei iliyolipwa kweli au inayopaswa kulipwa. Kwa hiyo huandiki bei iliyochapishwa kwenye jalada, kosa ambalo wauzaji wengi wapya hulifanya kwa nia njema kabisa. Toleo la kwanza la Action Comics la mwaka 1938 liliuzwa madukani kwa senti 10, na nakala yake moja iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 6 mwaka 2024; hakuna afisa wa forodha ambaye angekubali senti 10 kuwa ndiyo thamani ya nakala hiyo. Bei yako ni dola 900, na hiyo ndiyo unayoiandika, ukiigawa kwa kila toleo kadiri ulivyoliuza.

Afisa akitilia shaka tamko lako, anaweza kuzuia kifurushi na kudai ankara pamoja na uthibitisho wa malipo, na uthibitisho huo upo, kwa sababu mauzo ya intaneti huacha kumbukumbu kila mahali. Hapo kifurushi kinaweza kutozwa adhabu, kurudishwa au kutaifishwa. Tuseme basi kwamba hakuna aliyekitilia shaka, ila kimepotea njiani. Ukidai fidia, utaulizwa ulitamka thamani gani, na karatasi yenye sahihi yako itasema dola 20. Mnunuzi, kwa upande wake, bado ana ulinzi wake: PayPal, kwa mfano, humpa siku 180 za kufungua malalamiko kwamba bidhaa haikufika au haifanani na maelezo. Atarudishiwa dola 900 zake, nawe utakuwa umepoteza vitabu na fedha pamoja.

Inawezekana pia kwamba anaogopa kodi ambayo ni ndogo kuliko anavyodhani. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, machapisho yamo katika sura ya 49: vitabu viko chini ya namba 4901, majarida yanayotoka kwa vipindi chini ya 4902, na vitabu vya picha vya watoto chini ya 4903. Nchi nyingi hazitozi ushuru wa forodha kwa vitabu na majarida, na Makubaliano ya Florence ya mwaka 1950, yaliyosimamiwa na UNESCO, yalilenga jambo hilohilo. Lakini ushuru wa forodha si kodi ya ongezeko la thamani, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi hiyo kwa vifurushi vya hadi euro 22, kwa hiyo kodi inahesabiwa tangu euro ya kwanza. Uingereza ilibadili utaratibu wake mwanzoni mwa 2021, ikaweka wajibu wa kutoza kodi hiyo juu ya muuzaji au soko la intaneti kwa mauzo ya hadi pauni 135. Australia ilianza Julai 2018 kutoza kodi yake ya bidhaa na huduma kwa vitu vya bei ndogo vinavyonunuliwa kutoka nje. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi vya hadi dola 800 kuingia bila ushuru, ilisitisha msamaha huo kwa nchi zote kuanzia tarehe 29 Agosti 2025. Kanuni hizi hubadilika, na baadhi hubadilika ghafla. Mwombe mnunuzi aiulize mamlaka ya forodha ya nchi yake, akiitajia namba ya uainishaji, kabla hujafunga kifurushi. Ni yeye anayeingiza bidhaa nchini, na si wewe unayepaswa kumbashiria kiasi.

Wauzaji wengine hutumia namba 9705, ambayo ni ya vitu vya makusanyo vyenye umuhimu wa kihistoria na mengineyo ya aina hiyo. Sikushauri uichague kwa uamuzi wako mwenyewe. Kitu kuwa na wakusanyaji hakukiingizi katika kundi hilo moja kwa moja, na kwa toleo la kawaida la miaka ya 1970 namba za machapisho ndizo zinazoeleza ukweli kwa njia iliyo rahisi kutetea.

Fomu yenyewe haina ugumu. Posta hutumia CN22 kwa vifurushi vidogo vyenye thamani isiyozidi SDR 300, na CN23 kwa vyenye thamani kubwa zaidi au vizito zaidi. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na 300 zake ni takriban dola 400, kwa hiyo wewe utahitaji CN23. Usiandike "vitu binafsi" wala "mkusanyiko" peke yake. Eleza kwamba ni vitabu vya katuni vilivyochapishwa na kutumika, vitatu, taja mwaka wa kila kimoja, bei yake na nchi kilikochapishwa, katika lugha inayokubalika kule kinakokwenda. Taarifa hizi siku hizi hutumwa kwa njia ya kompyuta kabla kifurushi hakijafika, na maelezo yasiyoeleweka ni miongoni mwa sababu za kawaida za kifurushi kukaa bandarini au uwanja wa ndege kwa wiki kadhaa. Weka nakala moja ya ankara kwenye bahasha iliyobandikwa nje, na nyingine ndani.

Sasa fidia. Kiasi ulicholipwa mara ya kwanza huenda hakikuwa uonevu, bali ni matokeo ya kanuni ambayo hakuna aliyekueleza. Sheria za usafirishaji hazikitazami kitabu chako kwa macho ya mkusanyaji. Kwa kawaida hukitazama kwa uzito. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu usafirishaji wa kimataifa kwa ndege, dhima ya msafirishaji wa mizigo ina kikomo, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo. Kifurushi cha kilo moja na nusu kinafikia SDR 39, yaani takriban dola 50, hata kama ndani yake mna kitu cha dola 5,000. Mkataba huo unamruhusu mtumaji kutoa tamko maalumu la thamani na kulipa nyongeza ili kikomo kipande. Posta hazimo katika hesabu hiyo. Zina viwango vyake vya fidia chini ya Umoja wa Posta Duniani, lakini navyo havifuati bei ya soko la wakusanyaji.

Ndiyo maana bima ina faida, mradi iwe bima ya kweli. Thamani unayoitaja kwa forodha ni jambo moja, kikomo cha dhima ulichokilipia kwa msafirishaji ni jambo la pili, na bima inayotolewa na kampuni ya bima ni jambo la tatu. Watu huyaona matatu haya kuwa kitu kimoja na kugundua tofauti baada ya hasara. Kabla ya kulipa, soma orodha ya vitu visivyolindwa. Baadhi ya wasafirishaji huweka kikomo cha chini zaidi kwa vitu vya wakusanyaji, wengine hukataa dai wakiona kwamba kitu kilifungwa vibaya, na karibu wote huweka muda mfupi wa kutoa taarifa ya uharibifu. Zipo bima maalumu za makusanyo zinazolinda pia vitu vikiwa safarini, na kwa mtu anayeuza mara kwa mara naziona bora kuliko bima ya kifurushi kimojakimoja. Kwa vyovyote, piga picha za kila jalada mbele na nyuma, pembe zote nne, mgongo wa kitabu, kisha hatua za ufungaji hadi kifurushi kilichofungwa chenye lebo inayosomeka. Dai lisilo na picha ni neno lako dhidi ya neno la msafirishaji.

Kuhusu pembe zilizokunjika, tatizo la nailoni ya viputo halikuwa uchache wake. Inazuia mshtuko, lakini haizuii kupinda, na haikizuii kitabu kutembea ndani ya mfuko wake. Kitabu cha katuni ni karatasi kadhaa zilizokunjwa katikati na kushikwa kwa pini mbili. Uzito wake wote umening'inia kwenye mkunjo huo. Kikiwa kwenye mfuko mpana, kila mara kifurushi kinapoteremka kwenye mkanda wa kuchambulia au kuangukia pembe, kitabu huteleza na kugonga ukingo wa mfuko kwa ncha za pembe zake. Mgongano mmoja mdogo hauonekani kama hasara, lakini migongano inayorudiwa safari nzima huacha pembe butu na mistari midogo kwenye mgongo wa kitabu. Katika kipimo cha madaraja kinachotumiwa na kampuni kama CGC, kinachoanzia 0.5 hadi 10, kasoro za namna hiyo hushusha daraja, na kwenye madaraja ya juu tofauti ndogo ya namba huweza kuwa tofauti kubwa ya bei.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuondoa mwendo. Weka kila kitabu kwenye mfuko unaokitosha sawasawa, kikiwa kimeegemea karatasi ngumu isiyo na asidi. Kisha chukua vipande viwili vya kadibodi yenye mawimbi, vikubwa kuliko kitabu kwa sentimita 2 au 3 kila upande, na uvikate ili mawimbi ya kimoja yaende kwa urefu na ya kingine kwa upana. Vikiwekwa pamoja havipindi kirahisi upande wowote. Bandika mfuko kwenye kipande kimoja kwa utepe hafifu wa wapaka rangi, ambao hutoka bila kuchana, na uhakikishe kwamba utepe unagusa mfuko tu na hauko karibu na mdomo wake, kwa sababu kitabu kikinaswa na gundi wakati wa kutolewa, uharibifu utatokea mikononi mwa mnunuzi mwenyewe. Funika kwa kipande cha pili na ufunge kingo zote nne. Hapo ndipo nailoni ya viputo inapoingia, nje ya kadibodi; ikigusa mfuko moja kwa moja na kubanwa, viputo vinaweza kuacha alama kwenye jalada. Mwisho, weka bunda hilo ndani ya boksi jipya lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, ujaze nafasi hiyo kwa kitu kisichobonyea ovyo, na ulitikise. Ukisikia au kuhisi kitu kinasogea, fungua uanze tena.

Toleo lililo ndani ya kasha gumu huwadanganya wengi. Kasha linazuia vidole, vumbi na kubadilishwa kwa nakala, lakini plastiki yake hupasuka pembe, na kitabu kilichomo kinaweza kujeruhiwa na mtikiso bila kasha kuonyesha ufa wowote. Lifunge kwa nailoni, liweke kwenye boksi lake dogo linalolibana, kisha boksi hilo ndani ya boksi kubwa. Usiliache liguse yale matoleo mawili mengine, maana katika mtikiso kitu kigumu ndicho kitakachovijeruhi vitu laini.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya ufungaji hulisahau, nalo ndilo ninalotaka ulishike zaidi ya mengine: fungasha ukijua kwamba mgeni anaweza kukifungua kifurushi katikati ya safari. Mashine ya eksirei haidhuru karatasi, lakini afisa ana haki ya kuangalia kwa macho, na ana dakika chache za kufanya hivyo. Bunda lililozungushiwa utepe tabaka baada ya tabaka litakatwa kwa kisu, na kisu hakijui jalada linaanzia wapi. Kunja ncha ya kila utepe wa ndani ili ushikike na kuvutika kwa vidole. Toboa dirisha dogo kwenye kadibodi ya juu, au bandika picha ya kilichomo pamoja na maelezo mafupi ya namna ya kufungua na kufunga tena. Mtu anayeweza kuona alichokitafuta bila kuharibu, kwa kawaida hufanya hivyo.

Unyevu nao usiudharau. Vitabu vya miaka ile vilichapishwa kwa karatasi ya magazeti, yenye mabaki ya lignini ya mti yanayoifanya igeuke njano na kukatika, na karatasi hiyo hunyonya na kutoa unyevu kila hewa inapobadilika. Pini nazo hupata kutu inayotia doa. Funga bunda lote kwenye mfuko mmoja wa plastiki dhidi ya mvua, na umwombe mnunuzi, ikiwa kifurushi kimetoka kwenye baridi kwenda kwenye joto, akiache bila kukifungua kwa saa 24 ili matone ya maji yasijitengeneze juu ya majalada.

Posta au kampuni ya haraka? Posta ni nafuu zaidi. Namba yake ya ufuatiliaji yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi inafahamika kimataifa, lakini kifurushi hubadilisha mikono mpakani, na kwa baadhi ya huduma taarifa hukoma palepale. Kampuni ya haraka hukibeba tangu mlangoni kwako hadi mlangoni kwake na huwa wakala wa forodha kwa niaba ya mnunuzi; kwa kazi hiyo hutoza ada juu ya kodi, na ada hiyo isiyotarajiwa ndiyo huwafanya wanunuzi wengi kukataa kupokea. Kwa toleo la dola 30 ningetumia posta yenye ufuatiliaji bila kusita. Kwa dola 900 ningelipia huduma ya haraka, ya posta ya EMS au ya kampuni binafsi, yenye bima inayotaja waziwazi vitu vya wakusanyaji na inayodai sahihi ya mpokeaji. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa kodi: ukituma kwa masharti ya DAP analipa mnunuzi kifurushi kinapofika, kwa DDP unalipa wewe na kuiingiza katika bei. Andikeni pia nani atagharimia kifurushi kurudi akikikataa.

Angalia vilevile kama kitabu chenyewe kinaruhusiwa huko. Uingereza bado ina sheria ya mwaka 1955 dhidi ya vitabu vya katuni vya kutisha vinavyolenga watoto, na Kanada ilifuta marufuku yake ya katuni za uhalifu mwaka 2018 tu. Na usijaze boksi kwa nyasi kavu au kutumia boksi la matunda; Australia, kwa mfano, hairuhusu vifungashio vya namna hiyo.

Yako mambo ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi, na kwa hayo nenda umwone mtu ana kwa ana. Ukiona ukungu, pini zilizolika kwa kutu au karatasi inayomeguka, mpelekee mhifadhi wa nyaraka kabla ya kukisafirisha, wala usijaribu kukisafisha. Mzigo mmoja ukifikia maelfu ya dola, au ukitaka kutuma mkusanyiko mzima, tafuta wakala wa forodha aliyesajiliwa na dalali wa bima, uwaonyeshe orodha na picha. Ukiona mauzo yamekuwa ya kila mwezi, zungumza na mshauri wa kodi wa nchi yako, kwa kuwa hapo huenda sheria isikuhesabu tena kuwa mkusanyaji anayepunguza makabati yake.

Kwa mnunuzi wako, mwandikie leo, kwa upole. Mweleze kwamba utatamka bei halisi, kwamba tamko hilo ndilo linaloiwezesha bima kumlinda yeye pia, na mpe namba ya uainishaji akaulize kodi ya nchi yake. Wengi wakishajua kiasi halisi huendelea na ununuzi. Akishikilia kwamba uandike zawadi, ghairi mauzo kupitia soko lilelile mlilotumia, mrudishie fedha zote kwa njia ileile aliyolipia, uhifadhi mazungumzo yenu, kisha uviorodheshe vitabu upya.